Kesi ya Masika Aliyetaka Kulia

Ninyi vijana mliobaki pale tribunali mmeniuliza mara nyingi, hata juzi nilipopita kuchukua koti langu, kazi ya mkalimani inafundishwa wapi. Haifundishwi. Mtu anazaliwa katika nyumba yenye lugha nyingi, anashindwa kazi nyingine, halafu jaji anamwona. Mimi nilishindwa ualimu, nikashindwa useremala, na jaji akaniona. Ninaandika haya kwa sababu najua mmeshaanza kugombania kiti changu, na kiti hakitawaambia lolote. Vyeo sitavitaja, maana mkalimani ana cheo kimoja tu tangu anaingia mpaka anatoka. Mshahara nao nauacha. Mtu haandiki sana juu ya mgeni aliyemtembelea kwa nadra.

Aliyenipokea kazini alikuwa Mzee Kakule, mkalimani wa Butembo tangu wakati wa Wabelgiji. Alinionyesha vyombo vya kazi: kikombe cha maji na kiti kifupi kisicho na mgongo. Kiti kinawekwa kati ya jaji na shahidi, lakini nyuma kidogo, ili shahidi amtazame jaji na asikutazame wewe. Maji unakunywa kabla ya shahidi kuanza, kamwe si baada, kwa sababu ukinywa baada watu watadhani umesema uongo, nao umekukausha koo.

Halafu akanipa sheria moja. "Mutu akisema 'mimi niliiba', na weye unasema 'mimi niliiba'," aliniambia. "Usiseme 'anasema aliiba'. Ukisema 'anasema', unajitoa. Ukijitoa, jaji ataanza kukuuliza weye maulizo."

Siku yangu ya kwanza nilisimama mbele ya watu nikatangaza kwa sauti kwamba mimi niliiba mbuzi wa mjomba wangu nikamla na rafiki zangu. Mjomba wangu halisi alikuwa amekaa nyuma, alikuja kusikiliza kazi mpya ya mpwa wake. Aliondoka kabla ya kesi kuisha, akaenda nyumbani kuwaangalia mbuzi wake.

Miaka ile ya kwanza ilinifundisha kwamba lugha ndiyo sehemu rahisi ya kazi. Kinande nilizaliwa nacho, Kiswahili ni cha soko, Kifaransa nilikipata kwa mapadri, na Lingala niliiokota kwa askari wa kambi ya Beni. Sehemu ngumu ni kukaa kimya wakati unajua jibu. Hiyo Mzee Kakule aliiweza kuliko mtu yeyote. Alikufa muda mfupi kabla ya uhuru, na mke wake aliniambia hata nyumbani alikuwa hivyo.

Uhuru ulipofika, administrateri Mbelgiji, mkuu wa wilaya, aliondoka na ufunguo wa kabati. Rais wa tribunali, yaani jaji mkuu, Mzee Mbusa, alibaki na kofia yake, nami nikabaki na kiti. Majuma yale watu walikuja kuuliza kama ndoa zilizofungwa wakati wa Wabelgiji bado zinahesabika. Mzee Mbusa aliwajibu kwamba zinahesabika zote, pamoja na ya kwake, na alisema hivyo kwa huzuni kidogo.

Ni katika siku hizo Masika alikuja.

Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka kilima kimoja juu ya mji, mrefu, mwenye sauti ndogo. Yeye na Mzee Mbusa walisema Kinande. Hapa nawawekea Kiswahili chetu, kama ningekuwa namtafsiria jaji mgeni.

"Unashitaki nani, mama?"

"Sishitaki mutu."

"Donc unataka nini? Shamba?"

"Hapana."

"Mbuzi?"

"Hapana. Niko nataka kulia."

Mzee Mbusa aligeuka akanitazama kwa ukali, akaniuliza kama nimetafsiri vizuri. Nilimkumbusha kwamba sikuwa nimetafsiri kitu, walikuwa wanasemezana wenyewe kwa wenyewe.

Jambo lilikuwa hivi. Wakati wa ile vita kubwa ya Wajerumani, Masika alikuwa ameolewa karibuni na kijana anayeitwa Kambale. Kambale akapanda kamyo ya mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa Beni, akafika Kisangani, akashuka na mto mpaka Matadi. Huko Wazungu walikuwa wanatafuta watu wenye mikono yenye nguvu wa kulisha makaa ya mawe kwenye moto wa meli. Dereva mmoja alirudi na habari kwamba Kambale amepanda meli. Baada ya hapo, kimya. Vita ikaisha, wenye kurudi wakarudi, yeye hakurudi.

Sasa, ninyi mliozaliwa mjini huenda hamjui. Kwetu, kumlilia mtu ambaye hajafa ni kumwitia kifo. Mke akilia bila habari, ukoo wa mume unasema ndiye aliyemuua. Kwa hiyo Masika hakulia. Na kwa kuwa hakuna anayeweza kutenganisha chozi na chozi, hakulia katika msiba wowote. Akienda kwenye matanga anapelekwa moja kwa moja nyuma ya nyumba kupika, ili moshi umpatie sababu. Wanawake wa kilima walimwita moyo wa jiwe. Yeye aliendelea kupika.

Aliwahi kwenda kwa administrateri. Aliambiwa angoje karatasi kutoka Matadi. Administrateri alihamishwa, akaja mwingine, naye akamwambia angoje karatasi kutoka Matadi. Masika alituambia kwamba mwishowe alidhani ni salamu ya Wazungu.

Aliyempinga ni Paluku, mdogo wake Kambale, mtu mfupi mwenye shingo nene aliyekuja tribunali na viatu mkononi ili visichafuke. "Kaka yangu iko muzima," alisema. "Iko Ulaya. Huyu mwanamuke akilia, atamuua. Mukimupa ruhusa, munamuua nanyi." Watu wote walijua Paluku ndiye anayeangalia shamba la kaka yake, na wote walielewa walivyoelewa. Nami nilielewa vivyo hivyo.

Mzee Mbusa alisema kifo kinahitaji shahidi aliyekiona. Hakukuwa na shahidi. Kesi ikalala.

Iliamshwa na Ramazani, msafirishaji wa Beni, mtoto wa yule mwenye kamyo iliyompeleka Kambale. Ramazani alikuwa mtu wa sala tano na maneno mengi. Siku moja kamyo yake iliharibika karibu na pampu ya maji ya Beni, na fundi wa pampu akatoka kumsaidia. Fundi huyo aliitwa Mavungu, mfanyakazi wa serikali aliyetumwa kutoka Bas-Congo, upande wa bahari, ambaye kabla ya pampu alikuwa mpishi wa meli. Walipokaa kungoja mafuta yaliyomwagika kwenye breki yakauke, Ramazani alikunja gunia kabla ya kukaa juu ya chuma. Mavungu akacheka. Alisema alimjua mtu mmoja tu mwenye tabia hiyo, mchochezi wa moto kwenye meli yao, mtu wa milima ya huku: hakai juu ya chuma wala jiwe mpaka akunje koti lake kwanza, hata kengele ikilia. Aliitwa Kambale.

Ramazani hakucheka. Yeye mwenyewe tabia hiyo aliipata kwa baba yake, na baba yake aliiokota kwa kijana mmoja aliyechelewesha kamyo kila kituo kwa kukunja gunia.

Basi Mavungu akaletwa. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye kovu la moto kwenye shavu. Alisema Lingala na Kifaransa. Kiswahili chake kilitosha kununua ndizi. Nilikunywa maji, nikakaa, tukaanza.

Nilisema: mimi ni Mavungu, nilikuwa mpishi kwenye meli ya mizigo, tulibeba mawese na shaba kuwapelekea Wazungu wa vita. Tulikuwa katikati ya bahari, asubuhi, chai iko motoni, meli ya Wajerumani inayokwenda chini ya maji ikatupiga.

Mzee Mbusa aliinua mkono. Yeye na wenzake wawili wa barazani maji makubwa waliyoyaona ni ziwa pale Kyavinyonge, na mmoja aliyaona kwa mbali. "Meli yenye iko chini ya maji," alisema, "ni meli yenye imekwisha kuzama. Namna gani meli yenye imekwisha kuzama inazamisha ingine?"

Nilimtafsiria Mavungu. Alifikiri, akaomba ndoo ya maji na chupa yenye kizibo. Ndoo ilipatikana haraka. Chupa ilichelewa, kwa sababu ile ya jaji wa pili ilikuwa bado na bia, na aliona si heshima kuimwaga. Ilipokuwa tupu, Mavungu alitia maji kiasi ndani, akaziba, akaeleza kwamba ukipima vizuri, chupa haizami wala haielei, inakaa katikati, ndivyo *sous-marin*, ile meli ya chini ya maji, ilivyo. Akaiweka. Chupa ikaenda moja kwa moja chini ya ndoo ikalala.

Tuliitazama wote. Mavungu alipunguza maji, akajaribu tena. Safari hii ilielea juu kama chupa nyingine yoyote. Aliendelea kujaribu mpaka mikono ya shati ikalowa. Paluku aliomba iandikwe kwamba meli ya namna hiyo haipo.

Mzee Mbusa alikataa. Alisema: "Mimi sielewe namna inafanya kazi. Mais ninaelewa kama muzungu anaweza kuitengeneza, na anaweza kutuma mutu aingie ndani. Tuendelee."

Mavungu akaendelea, nami nikaendelea naye. Chuma kilipasuka chini, mahali pa moto. Wachochezi wengi hawakutoka. Kambale alitoka, ameungua kifua na mikono. Tuliruka tukapata chelezo, mbao zilizofungwa juu ya mapipa, watu wachache, bila maji ya kunywa. Kambale alivua lililobaki la koti, akalikunja, akakaa juu yake. Hakukaa muda mrefu. Kabla jua halijafika utosini alikufa mikononi mwangu. Mimi ndiye niliyemfumba macho. Tuliyaachia maji mwili wake, kwa sababu hatukuwa na kitu kingine.

Jaji wa tatu, ambaye alikuwa hajasema neno tangu mwaka uanze, aliuliza: "Aliacha neno gani?"

Mavungu alisita. Nami nilisita kwa sababu yeye amesita, ndiyo kazi. Halafu alisema, nikasema: aliniuliza kama maharage yameiva. Nilikuwa mpishi wake. Nilimwambia bado kidogo.

Paluku alisimama. "Munasikia? Munande anakufa, haachi neno juu ya shamba, haachi neno juu ya mama yake, anauliza maharage? Hapana yeye!"

Masika alikuwa amekaa upande wa wanawake na mikono juu ya magoti. Alisema taratibu, bila kusimama: "Ni yeye. Alikuwa na njaa kila siku."

Nilimtazama uso wake. Ulikuwa mkavu, lakini taya lilikuwa linatetemeka kama la mtu aliyebeba mzigo mzito sana na hajaonyeshwa pa kuutua. Nilimwonea huruma sana siku ile, na huruma haimo katika vyombo vya kazi.

Ndipo Paluku alipotoa pingamizi ambalo sijawahi kulisikia tena katika miaka yangu yote. Alinielekezea kidole. "Kifo cha kaka yangu nimekisikia mu kinywa cha huyu. Huyu ndjo alisema 'mimi nilimufumba macho'. Huyu, wakati wa vita, alikuwa analinda mbuzi pale kwa mapadri, sote tunamujua. Mwenye aliona hapana sema na sisi. Mwenye alisema hapana ona."

Majaji walikwenda nyuma ya nyumba kushauriana na walikaa huko sana. Walirudi wakasema Paluku ana haki. Desturi ni kwamba habari ya kifo inapelekwa nyumbani kwa mama wa marehemu. Inasemwa mlangoni, kwa kusimama, na kinywa kilichoona, kwa lugha ambayo mama anaisikia. Mama mzazi wa Kambale alikuwa bado hai, mzee sana, na lugha yake ilikuwa Kinande peke yake. Kwa hiyo Mavungu aseme mwenyewe kwa Kinande. Akisema vizuri, Masika atalia. Akishindwa, hatalia. Na mkalimani, yaani mimi, niliamriwa nimfundishe, halafu siku hiyo nifunge mdomo.

Nilikwenda Beni kila kamyo ya Ramazani ilipokwenda. Tulijifunzia ndani ya nyumba ya pampu, kwenye joto na kelele, kwa sababu Mavungu hakuweza kuacha mashine. Sentensi ilikuwa moja: Mama, nilimwona mtoto wako akifa, nilimshika kwa mikono hii. Kinande kina sauti za kupanda na kushuka, na Mavungu alipanda palipo pa kushuka. Mtu mwenye akili sana alikuwa, anaweza kufungua pampu na kuifunga akiwa amefumba macho, lakini sentensi ile ilimpiga chenga kila siku. Alikuwa ameshafika katikati yake vizuri wakati habari za waasi zilipofika.

Hamhitaji kuambiwa mwaka wa Simba, kama waasi walivyojiita. Walikuwa wameshika Kisangani, sasa wanakuja kwa njia ya Mambasa, na waliwatafuta hasa wafanyakazi wa serikali na watu waliosema Lingala, kwa kuwa Lingala ni lugha ya askari. Mavungu alikuwa vyote viwili. Mkubwa wake alishaondoka na familia kwa njia ya Kasindi kuingia Uganda, na alimwachia nafasi kwenye gari. Mavungu hakupanda.

Nilimuuliza kwa nini. Alinijibu kwa Kiswahili chake cha ndizi, ili nisikie ametaka kusema mwenyewe. "Bale ya chelezo, bote bamekufa. Mimi tu nabakia. Mimi nakufa, nani anasema na mama?" Halafu akarudi kwenye Lingala: "Likambo te, haina neno. Tuanze tena."

Tulianza tena.

Simba waliingia Beni bila kupigana sana. Ramazani alikuja kwenye nyumba ya pampu mchana kweupe, akaniambia anakwenda Butembo na chumvi, na kwamba mchana ni bora, kwa kuwa anayejificha ndiye anayetafutwa. Tulimkalisha Mavungu juu ya chumvi, kofia ya Kiislamu kichwani, na tukakubaliana asifungue mdomo hata akikanyagwa.

Kizuizi kilikuwa mbele ya daraja. Vijana wenye majani kichwani, mikuki, bunduki chache, na mkubwa wao aliyetoka mbali, ambaye wote walimwita afande. Alimsimamisha Ramazani, akamtazama, akamwacha. Akanitazama mimi, akaniacha. Akamwonyesha Mavungu ashuke.

"Weye, mutu wa wapi?"

Nilifungua mdomo kujibu, kwa mazoea. Ncha ya mkuki ikakaa shingoni mwangu. "Nimeuliza yeye."

Niliufunga mdomo. Siwezi kujipamba na ushujaa. Nilijua akisema neno la Lingala ameisha. Kifaransa, ameisha. Kiswahili chake kitamfichua kabla ya ndizi ya kwanza. Mavungu alisimama wima, akamtazama afande machoni, akasema kitu kingine pekee alichokuwa nacho. Alisema: Mama, nilimwona mtoto wako akifa, nilimshika kwa mikono hii. Alikisema kwa Kinande, na kwa mara ya kwanza alishuka palipo pa kushuka.

Vijana wawili wa Kinande waliokuwa pale na majani yao walirudi nyuma. Mmoja alivuta kamba iliyofunga njia.

"Alisema nini?" afande aliuliza.

"Afande, mupitishe," kijana alisema. "Iko na habari ya kufa. Mutu wa namna hii hapana zuia mu njia. Ukimuzuia, habari inabakia kwako."

Mjumbe hauawi, kila mtu anajua. Lakini huyu alikuwa mjumbe wa aina ya pili, ambaye hata kumsalimu unaogopa. Afande alikuwa mtu aliyekwenda mbele ya risasi akiamini zitageuka maji. Akanigeukia mimi. "Weye unaonekana mutu wa masomo. Nitafsirie."

Nilifikiri sheria ya Mzee Kakule. Nikasema: "Afande, nikitafsiri, nitakuwa nimekwambia weye."

Nadhani afande alikuwa na mama mahali fulani. "Basi nyamaza," alisema. "Mupite, mupite haraka."

Tulipita. Ramazani hakusema neno mpaka Butembo, na hilo halijawahi kutokea kabla wala baadaye.

Tribunali ilikuwa imefungwa. Mzee Mbusa alikuwa amejificha kwenye migomba yake kwa sababu waasi waliuliza nani anavaa kofia ya serikali. Nilimtumia neno tu kwamba shahidi amefika. Alikuja bila kofia, kwa njia za nyuma, akiwa na matope mpaka magotini. Alisema kesi yake haijaisha.

Nyumba ya mama wa Kambale ilikuwa juu kabisa ya kilima. Bibi alikuwa amekaa mlangoni juani, amefunikwa blanketi. Masika alikuwa nyuma ya nyumba, na moshi. Paluku alikuwa shambani. Alipotuona alikuja mbio na jembe. Niliona lile shamba kwa mara ya kwanza. Lilikuwa limelimwa vizuri, limepaliliwa, mitaro imezibuliwa, na halikuwa na mmea hata mmoja. Nilimuuliza mtu aliyesimama karibu. Aliniambia Paluku hulipalilia kila msimu na hajawahi kupanda kitu, kwa sababu mwenyewe atakaporudi ndiye atajua anataka kupanda nini.

Mavungu alisimama mbele ya bibi. Hakusalimu, kama alivyofundishwa. Hakukaa. Alisema.

Alipanda palipo pa kushuka. Mtoto mmoja alicheka, akanyamazishwa. Bibi alimwangalia, akamuuliza kwa Kinande yeye ni mtoto wa nani. Mavungu hakuelewa. Alinigeukia. Mzee Mbusa alinitikisia kichwa, nami nikatazama chini. Hakuna siku kiti changu kilikuwa mbali nami namna ile.

Mavungu alimgeukia bibi tena. Alinyoosha mikono yote miwili mbele yake, viganja juu, akasema tena, polepole zaidi, kwa makosa yaleyale. Bibi aliishika ile mikono. Aliigeuza, akaitazama upande wa nyuma, akaitazama upande wa mbele, akaiweka usoni kwake. Halafu akaanza kulia.

Aliyefuata alikuwa Paluku. Jembe lilimtoka mkononi, akaanguka chini nalo, akalia kwa sauti ambayo sikujua mtu mfupi anaweza kuwa nayo. Alikuwa anamwambia kaka yake kwamba shamba liko tayari. Sote tuliokuwa tumeelewa tulivyoelewa, tulitazama pembeni.

Masika alitoka nyuma ya nyumba. Alimtazama Mzee Mbusa, na Mzee Mbusa akainamisha kichwa kumpa ruhusa. Masika akafungua mdomo, na mara ya kwanza hakuna kilichotoka. Wanawake waliokuwa wamefika walingoja. Kisha alilia. Alimlilia Kambale, kwa jina, kwa muda. Halafu akataja jina lingine. Mwanamke mmoja mzee alishtuka, akasema huyo ni mama yake Masika, ambaye alizikwa zamani. Baada ya mama yake alimlilia baba yake. Halafu dada yake aliyekufa na mimba. Halafu watoto wa dada. Halafu majirani, mmoja mmoja, watu waliozikwa wakati yeye anapika, na kila jina lilipotajwa, mwanamke fulani katika lile kundi aliinuka, akaenda akaketi karibu naye, kwa sababu aliyetajwa alikuwa wake.

Ramazani alipanda kilima akihema. Injini inawaka chini, alisema, njia ya Kasindi bado iko wazi, Mavungu apande sasa hivi au asipande kabisa. Mavungu hakugeuka. "Bado," alisema.

Mzee Mbusa alinivuta mkono pembeni. Aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama ruhusa tuliyotoa ilikuwa ya kumlilia mtu mmoja au ya kuwalilia wote. Nilimwambia sijui, mimi ni mkalimani. Alimtazama Paluku, ambaye alikuwa ndiye mwenye haki ya kupinga. Paluku alikuwa bado chini, na udongo usoni. "Mumuache," alisema.

"Basi tutangoja amalize," Mzee Mbusa alisema. Ramazani alishuka akazima injini, akapanda kilima tena. Tukakaa chini sote, pale pale kwenye majani, tukangoja.